Imaji ya kuamusha mashini: tuitengeneze sisi wenyewe



Juma iliyopita walituletea kamashini kamoja ndani ya sashe. Ni Orange Pi PC, kibao kimoja kinachoenea mu kiganja, chipu yake ni Allwinner H3, memori giga moja. Kalikuwa kanatumika kwa masomo moja ya kartie: mulikuwa Kiwix na Wikipedia ya Kifaransa, kameunganishwa kwa ka-rutere, watoto wanasoma kwa wifi bila kununua hata mega moja. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, karte ya memori ikaharibika. Mutu mwenye moyo mwema akashusha imaji ingine kwa intaneti, akaiandika kwa karte mupya, akachomeka. Hakuna taa. Hakuna kitu kwa ekrani. Wakapeleka kwa fundi, fundi akasema: hii imekufa, muuze ingine.

Haikukufa. Na juu ya ile neno moja, "imekufa", watoto walikaa miezi miwili bila maktaba yao. Njo sababu tunaandika.

Tunajua kuna wenye watasema: inchi iko na shida zote hizi na ninyi munatuongelea habari ya vibao? Ndiyo. Kila siku tunaomba kujua nani anaamua mambo kabla sisi hatujafika mu chumba. Mu kila mashini pia kuna mwenye anaongea wa kwanza, mbele ya Linux, mbele ya skrini kuwaka, na karibu sisi wote hatumujue jina. Anaitwa butiloda. Ni programu ndogo ya kuamusha mashini: inaamusha memori, inatafuta keneli, inaipakia, kisha inajitoa. Yeye akikosea, hata ukiwa na sistemi nzuri namna gani, utabaki unaangalia kibao cheusi.

Tuanze na kitu kinachodanganya mafundi wengi. Kwa vibao hivi vya Orange Pi PC, taa zinawashwa na programu, si na umeme peke yake. Ukipatia umeme lakini programu ya kwanza haitembei, taa haiwake. Mutu anaona giza, anasema umeme haupite, chipu imeungua. Kumbe chipu iko macho, inangojea tu mutu wa kuiambia neno. Hatumulaumu yule fundi. Anatengeneza masimu mia kwa mwezi na hakuna mutu aliyemufundisha hii. Lakini tungependa neno "imekufa" lisemwe mwishoni, kisha kupima, si mwanzoni.

Kupima kwenyewe ni hivi. Ndani ya chipu H3 kuna programu fupi iliyochomwa kiwandani, wanaiita BROM. Haifutike, haibadilike. Ukipatia umeme, BROM inaenda kwa karte ya memori na inaangalia mahali pamoja tu: kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa karte. Inatafuta pale alama ya herufi, eGON.BT0, na inahakikisha hesabu ya majumlisho. Ikiikuta, inachukua kile kipande na kukiweka mu memori ndogo ya ndani ya chipu. Kama haiikute pa karte wala pengine, haianguke: inaingia mu hali inayoitwa FEL na kungojea amri kupitia USB. Maana yake, karte mbaya haiwezi kuua hii mashini.

Basi tulitoa karte, tukaunganisha kable ya USB kwa tundu ndogo ya OTG (si pa tundu ya umeme, ile ya mviringo), tukaandika kwa laptopu:

sunxi-fel version

Ikajibu AWUSBFEX, soc=00001680, H3. Mule chumbani mutu akapiga kelele kama vile timu imefunga goli. Mashini iliyozikwa miezi miwili ilikuwa inasema jina lake.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Tulisoma jina la ile imaji iliyoandikwa kwa karte. Ilikuwa ya Orange Pi PC 2. Angalia vizuri: namba 2 peke yake njo tofauti kwa karatasi, lakini PC 2 iko na chipu H5, ya biti 64, na PC iko na H3, ya biti 32. BROM ya H3 ilikuta alama eGON.BT0, ikaona hesabu ni sawa, ikapakia, ikaruka ndani, na pale H3 ikakutana na maagizo ambayo haiyajue. Kimya. Hata FEL haikuweza kujitokeza karte ikiwa ndani, juu BROM iliamini kama imepata kazi. Mutu wa moyo mwema alifanya yote sawa isipokuwa namba moja, na hakuna kitu kilichomuonya.

Hapo njo tunaleta musimamo wetu. Mu makundi yetu tumezoea kupitishiana imaji nzito kwa flashi: giga mbili, giga tano, hazina jina la aliyezifanya, hazina alama ya kuhakikisha, zimeitwa "orange final nzuri.img". Kila mutu anaandika, inatembea ao haitembee, basi. Tunasema hii iishe. Kila kundi lenye kutumia vibao hivi liwe na watu wawili ao watatu wanaojua kutengeneza kipande cha kwanza kutoka kwa kode yake. Si sistemi yote. Kipande cha kwanza tu. Na hakuna uchawi ndani.

Programu yenyewe inaitwa U-Boot. Ilizaliwa Ujerumani kwa mikono ya Wolfgang Denk, ambaye alituacha mu mwaka 2022. Mbele iliitwa PPCBoot, mu 2002 ikabadilishwa jina. Kwa Kijerumani U-Boot ni chombo cha kuzama chini ya maji, na jina linafaa: inafanya kazi pasipo kuonekana. Leseni yake ni GPL, unaruhusiwa kusoma, kubadilisha, kugawa. Majina ya matoleo ni mwaka na mwezi, kwa mufano 2024.01. Kode nzima ikiwa imefinywa haifikie mega 30. Linganisha na imaji ya giga tano kwa forfé ya mwanafunzi. Tuseme ukweli: kompaila na wenzake ni mega nyingi kupita kode, lakini unazishusha mara moja tu, na kundi zima linakopiana kwa flashi.

Kwa Debian ao Ubuntu unahitaji gcc-arm-linux-gnueabihf, bison, flex, swig, python3-dev, python3-setuptools, libssl-dev, libgnutls28-dev, device-tree-compiler. Swig inasahauliwa kila mara. Kukompile kunaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha binman, chombo kinachounganisha vipande, inalia kama haione pylibfdt. Ukiona ile neno, usikimbie kubadilisha kode. Weka swig na python3-dev, uanze tena.

Kisha amri ni mbili:

make orangepi_pc_defconfig
make CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-

Ya kwanza inachagua kibao. Pale njo jina linaandikwa na mukono wako, si na mutu mwingine: orangepi_pc, si orangepi_pc2. Ya pili inakompile, dakika chache kwa laptopu ya kawaida, hata ile ya zamani. Mwishoni unapata faili moja, u-boot-sunxi-with-spl.bin. Haifikie mega moja. Ni hiyo tu iliyokosekana mu ile masomo kwa miezi miwili.

Ndani ya hilo faili muko vipande viwili, na tunaomba mufahamu kwa nini ni viwili, juu mukifahamu hii, mengine yote yatakuwa mepesi. BROM inaamka wakati memori kubwa, ile giga moja, ingali imelala. Inaweza tu kutumia memori ndogo ya ndani, na kipande inachokubali kwa H3 kisipite kilobaiti 32. U-Boot nzima haiingie pale. Kwa hiyo wanatuma kwanza mudogo wake, SPL, mwenye kazi karibu moja: kuamusha DRAM, kuipima, kisha kuchukua U-Boot kamili kutoka kilobaiti 40 ya karte, yaani 8 kuongeza 32, na kuiweka mu memori kubwa. Ni kama vile ukifika kwa nyumba yenye giza: unatuma kwanza mutoto apite pa dirisha ndogo, afungue mulango mukubwa kutoka ndani, kisha mizigo inaingia.

Na kuamusha DRAM njo kazi ngumu kupita zote. Pale njo watengenezaji wengi wa chipu wanafichia. Kwa Raspberry Pi za mbele ya Pi 4, mwenye kuamka wa kwanza si prosesa unayoijua, ni ile ya picha, VideoCore, na inasoma bootcode.bin kisha start.elf, mafaili yaliyofungwa ambayo hauwezi kusoma kode yao. Kwa RK3588 ya Rockchip, wakati wa kutengeneza U-Boot unaombwa uweke faili la DDR lililotolewa na mutengenezaji, bila kode. Kwa H3 ni tofauti: kode ya kuamusha DRAM iko wazi ndani ya U-Boot, iliandikwa na watu wa linux-sunxi kwa kuchunguza chipu yenyewe. Ukitoa BROM, ambayo hakuna mutu anaweza kuibadilisha, mwanzo wote wa H3 unaweza kuusoma mustari kwa mustari. Hatusemi mutupe Raspberry Pi zenu, tuko nazo na sisi. Tunasema siku kundi linapochanga pesa kununua kibao, pembeni ya swali la bei na giga, muulize hili pia: kipande cha kwanza, tunaweza kukitengeneza sisi wenyewe, ao tutaomba kwa mutu milele? Siku ukurasa wa mutengenezaji unafungwa na imaji inapotea, jibu la swali hili njo litabaki.

Mwenye H5 asivunjike moyo. Anaongeza hatua moja: kukompile kwanza Trusted Firmware-A kwa PLAT=sun50i_a64, kupata bl31.bin, kuonyesha U-Boot mahali ilipo kwa BL31=, kisha kutumia aarch64-linux-gnu-. Na hiyo pia kode yake iko wazi.

Turudi kwa kamashini ketu. Mbele ya kuandika kitu kwa karte, tulijaribu kupitia USB:

sunxi-fel uboot u-boot-sunxi-with-spl.bin

Hii inapakia programu moja kwa moja mu memori, karte haiguswe. Kusikia inachosema unahitaji ka-adaptere ka USB na seriali, na waya tatu kwa pini tatu zilizo karibu na HDMI: GND kwa GND, TX kwa RX, RX kwa TX, mwendo 115200. Iwe ya volti 3.3. Zile zenye kutoa volti 5 kwa pini za mazungumuzo zitachoma, na pale sasa fundi atakuwa na haki kusema imekufa. Usiunganishe waya wa umeme wa adaptere, kibao kiko na umeme wake. Mistari ikashuka: U-Boot SPL, DRAM: 1024 MiB, kisha U-Boot yenyewe, Model: Xunlong Orange Pi PC. Ule mustari wa DRAM njo wa kwanza kuangalia siku zote. Ukiuona na namba ni sahihi, shida inayobaki ni ya karte ao ya keneli, haiko tena ya kibao.

Kisha karte. Amri inajulikana:

dd if=u-boot-sunxi-with-spl.bin of=/dev/sdX bs=1024 seek=8

Ile X, tafazali, usiikopi. Piga lsblk mbele ya kuchomeka karte, upige tena kisha kuchomeka, kilichoongezeka njo karte. Mwenzetu mumoja aliandika kwa sda, na sda ilikuwa diski ya laptopu yake. Alikuwa na bahati: ile faili ndogo ilipiga jedwali la GPT na nafasi tupu iliyo mbele ya patisheni ya kwanza, na GPT inaweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski, kwa gdisk tukairudisha. Ingekuwa imaji ya giga tano, mémoire yake ya mwisho wa masomo ingepotea. Hajatuambia kama ameshaweka kopi pengine. Tunamuuliza hapa mbele ya wote.

Habari ya GPT inatupeleka kwa neno lingine. Jedwali la GPT linakaa kuanzia mwanzo wa diski mpaka karibu kilobaiti 17, na BROM inataka kilobaiti 8. Vinagongana. Ukiandika U-Boot pale kisha ukagawa karte kwa GPT, ugawaji unafuta U-Boot. Ukifanya kinyume, U-Boot inaharibu jedwali. Kwa hiyo kwa karte tumia jedwali la zamani, MBR, na patisheni ya kwanza ianze kwa sekta 2048, yaani mega moja, kusudi U-Boot ipate kulala mbele yake bila kusumbuliwa. Kwa H3 na zile zilizofuata BROM inaangalia pia kilobaiti 128, basi mwenye kutaka GPT anaweza kuandika seek=128. Lakini kama karte ilikuwa na U-Boot ya zamani pa kilobaiti 8, ile njo itasomwa kwanza, uifute.

Na kama munataka imaji kamili ya kugawia makundi mengine, iliyo tayari kuandikwa, haiko kazi kubwa kupita hapo. Munatengeneza faili tupu kwa truncate, munaligawa kwa sfdisk, patisheni moja kuanzia 2048, munaandika U-Boot ndani kwa ileile dd lakini na conv=notrunc. Bila hiyo neno, dd itakata faili lenu lote libaki fupi kama U-Boot yenyewe. Kisha losetup -P, mkfs.ext4, munaweka keneli zImage, faili sun8i-h3-orangepi-pc.dtb linaloeleza keneli viungo vya kibao, na faili la maandishi la mistari mitano, extlinux/extlinux.conf, linalosema keneli iko wapi na root iko wapi. U-Boot inalitafuta yenyewe. Muweke console=ttyS0,115200 kwa mustari wa append; wengi wanaisahau, kisha wanasema keneli imekwama, kumbe inaongea mahali hawasikilize.

Mukigawa, muandike jina la kibao kizima na la chipu kwa jina la faili, na toleo la U-Boot, na sha256 kwa karatasi pembeni. Kode ya U-Boot inatolewa pamoja na sahihi, muihakikishe mbele ya kukompile. Na kuna jambo tunalipenda sana: watu wawili wakitumia kode moja, kompaila moja, na wakiweka SOURCE_DATE_EPOCH namba moja kusudi saa ya kukompile isiingie ndani, wanaweza kufikia faili moja, sha256 ileile. Hapo hatuombwe tena kumuamini aliyefanya imaji, hata akiwa rafiki yetu. Tunafanya upya, tunalinganisha. Tungependa hata matokeo ya kura yahesabiwe hivyo.

Wengine wanatuambia: kuna Armbian, watu wanajua kazi kutupita, kwa nini kujichosha? Armbian ni nzuri, keneli tuliyoweka mu kamashini ka masomo tuliichukua kwao. Lakini Armbian iko pia na U-Boot mbele yake, na siku haitembee, mwenye kujua vipande viwili na kilobaiti 8 anatafuta kosa kwa saa moja, mwenye kujua tu kubonyeza "andika" anapeleka kwa fundi. Tena kuna haya kidogo mu hii habari. Bati inayoshika viungo juu ya vibao hivi inatoka kwa kasiterite, na Bisie, mu Walikale, haiko mbali na sisi. Mikono yetu iko pale mwanzo wa mashini. Kisha mashini inaturudilia imefungwa, na sisi tunaogopa kuigusa.

Kamashini kalirudishwa kwa masomo Alhamisi, na karte mupya, na karatasi moja iliyobandikwa juu ya sanduku: jina la kibao, H3, toleo, sha256. Mwalimu ametuomba betri ndogo ya kukalinda umeme ukikatika, hiyo hatujaipata. Tuko tunatafuta. Mwenye iko nayo kwake bila kazi, ailete Jumamosi. Na mwenye kuwa na kibao "kilichokufa" ndani ya kabati, akilete pia, pamoja na kable ya USB. Adaptere ya seriali tuko nayo moja tu, basi mukuje mapema.